Mtu wa Idara Huikana Idara

Violeth Mayala hakuwa mtu wa kupendeka, na hakuna haja ya kumpamba hapa. Ukimsalimia aliitika kama mtu anayelipishwa kwa kila neno. Ukimpelekea simu ya kuchaji aliipokea bila kuinua macho, akaibandika kipande cha plasta chenye jina lako, akaichomeka, akarudi kwenye kazi yake. Habari za nyumbani hakuuliza, na za ng'ombe ndiyo kabisa. Na hii ni Simiyu, Usukumani, ambako salamu peke yake inaweza kula robo ya asubuhi: mwangaluka, mwangaluka mayu, mhola, mhola duhu, mpaka mfikie afya ya ndama wa jirani ndipo mtu aseme kilichomleta. Mtu asiyeuliza habari za ndama huwekewa alama.

Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara ya vumbi, upande wa Ngulyati, cha mabati makuukuu na paneli ya sola juu. Ufundi wa simu alijifunzia Mwanhuzi, alikoolewa. Mumewe alipoleta mke wa pili bila hata kumwambia, Violeth alifunga bisibisi zake kwenye khanga akapanda basi kurudi kwa baba yake. Mzee Mayala alirudisha ng'ombe wa mahari bila kunung'unika, kisha akauza mtamba mwingine amnunulie binti ile paneli. Kijiji kilimcheka kwamba analipa mara mbili kwa binti mmoja. Mzee akawajibu kuwa ng'ombe ni wake na binti ni wake, sasa wao walikuwa wanacheka nini?

Mbali na kuchaji na kutengeneza, Violeth aliwawekea watu muvi kwenye memori kadi. Alikuwa na fundi mwenzake Bariadi mjini mwenye bando la kutosha. Huyo alizishusha zikiwa bado moto, na Violeth akaenda kuzichukua siku za gulio. Ndiyo maana kila kitu kipya kilifika kwake kabla ya kufika kwa mtu mwingine yeyote kijijini. Hapakuwa na siri nyingine. Mtu yeyote mwenye nauli ya kwenda mjini angeweza kufanya vilevile, ila watu hawapendi maelezo mepesi kiasi hicho.

Ndipo ikaja Idara ya Kimya. Ilikuwa sizoni ya hapahapa nchini, inayosimulia habari za idara ya upelelezi isiyo na ofisi, isiyo na kibao, isiyo na mshahara unaojulikana. Watu wake wamepandwa kila mahali kama mbegu: muuza nyanya, fundi baiskeli, mama ntilie. Wanakula na wewe, wanazika na wewe, na kumbe wanakuandika. Kila episodi iliisha kwa mzee mmoja mwenye kofia akisema maneno yaleyale kwa sauti nzito: mtu wa Idara huikana Idara.

Kijiji kiliimeza nzima nzima. Msimu wa pamba ulikuwa umekwisha, mashamba yamelala, watu hawana la kufanya ila kukaa na simu zao. Wakaanza kubishana kama Idara ipo kweli au haipo. Mbishi mkuu alikuwa Kristofa, dereva wa bodaboda, kijana mwenye sauti kubwa na abiria wachache. Kristofa alisema ipo. Alisema sizoni imetengenezwa na Idara yenyewe ili watu waone ni sizoni. Alisema ule mnara wa simu kilimani hautumi simu peke yake. Aliuliza kwa nini, katika nchi nzima yenye miji mikubwa, mkoa mpya uliundwa hapa na makao makuu yakawekwa Bariadi, kama hakuna jambo linalofichwa. Aliuliza kwa nini kila lori la kununua pamba lina mtu mmoja asiyeshika pamba.

"Huyo ni mwenye lori," Violeth alimwambia siku moja, akiwa ameshika simu ya mtu iliyofunguliwa tumbo.

"Ndivyo wanavyosema, dada Violeth."

"Kristofa, serikali ingekuwa na idara ya siri, ingeruhusu watu waitengenezee muvi?"

"Hapo sasa! Wameruhusu ili useme hivyo hivyo ulivyosema."

Vijana waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakapiga makofi. Violeth aliweka bisibisi chini. Kichwa kilikuwa kinamuuma na jua lilikuwa limeingia hadi kwenye meza ya kazi.

"Haipo," alisema. "Ni watu wa Dar wamevaa suti za kuazima. Haipo, na mkiendelea kujaza benchi langu kwa upuuzi huu, episodi inayofuata siwawekei."

Benchini wakaanza kutazamana. Si kwa kuogopa kukosa episodi. Violeth alikuwa ameikana Idara, tena kwa hasira, na pale benchini hakuna aliyesahau mzee mwenye kofia alisemaje juu ya watu wanaoikana. Kristofa aliinuka tu taratibu akachukua simu yake ambayo hata haikuwa imejaa.

Tangu siku ile kila kitu chake kikawa ushahidi. Hasalimii vizuri: anaficha. Anakwenda Bariadi kila gulio: anapeleka ripoti. Aliachika Mwanhuzi na hakulia: nani anaachika bila kulia? Simu za kijiji kizima zinapita mikononi mwake. Kuna waliosema Idara haipo kabisa, na hao nao walikuwa wengi, lakini hata wao wakaanza kufuta meseji kabla ya kumpelekea simu. Violeth aliona, akawadharau wote kwa pamoja. Aliwadharau waziwazi, usoni, jambo ambalo mtu mwenye akili za kuishi na watu halifanyi.

Huenda yangeishia hapo kwenye minong'ono kama si ng'ombe wa Ngassa.

Ngassa alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, mtu mzito wa mwili na wa kauli. Kiangazi kilipokaza, vijana wake wa kuchunga waliswaga kundi hadi Meatu, wakapita Kimali, wakaingia pori la hifadhi ambako nyasi bado zilikuwepo na ruhusa haikuwepo. Askari wa wanyamapori wakawakamata, ng'ombe wakabaki mikononi mwa sheria. Vumbi la kundi kama lile linaonekana kutoka mbali sana, na mmoja wa wachungaji alikuwa amejisifu kwenye vilabu vya njiani kwamba wao hawaogopi mtu. Lakini jioni ya kuamkia siku ile, simu ya Ngassa ilikuwa imelala kwa Violeth ikichajiwa. Na episodi mpya ya Idara ilimwonyesha fundi simu akinyonya siri za watu kwa waya wa chaji.

Asubuhi iliyofuata ukapigwa mwano, lile yowe la Kisukuma ambalo mtu akilisikia huacha jembe shambani na chungu motoni. Watu wakakusanyika uwanja wa gulio, wanaume na fimbo zao, wanawake nyuma. Violeth aliletwa katikati.

"Mayu Violeth," Ngassa alianza, kwa lile neno la Kisukuma la kumwita mama kwa heshima, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko ilivyotarajiwa. "Simu yangu ililala kwako?"

"Ilichajiwa kwangu, baba, kama simu ya kila mtu hapa."

"Uliisoma?"

"Nina kazi zangu. Ng'ombe zako hazinihusu. Vijana wako wameingiza kundi porini mchana kweupe, sasa unanitafuta mimi?"

Watu wakaguna. Ngassa akavumilia.

"Uko Idara?"

Hapo Violeth alipoteza breki. Alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha hata kidogo. "Idara haipo! Ni muvi. Watu wazima, wenye wajukuu, mmepiga mwano kwa ajili ya muvi. Mimi sijawahi kuona wajinga wengi kiasi hiki wamekusanyika mahali pamoja."

Upepo ulipita na vumbi lake. Kutoka upande wa vijana, Kristofa akasema kwa sauti ndogo ambayo kila mtu aliisikia, "Mmemsikia wenyewe. Ameikana."

"Mkataa wengi ni mchawi," akasema mzee mmoja. Mwingine akasema kikulacho ki nguoni mwako. Methali zikaanza kumiminika, na palipo na methali nyingi hukumu haiko mbali.

Wakamtenga. Kwa asiyejua, kutengwa ni hivi: hakuna mtu wa kukusalimia, kukuuzia, kununua kwako, kukupa moto wala kukuazima jembe. Ukifika kisimani wenzako wanaondoka na ndoo zao. Ukifiwa hawaji. Atakayevunja amri anatozwa faini na kutengwa na yeye. Na kutengwa hakuishii kwa mtu mmoja, kunashika kaya nzima anayolala. Mlango wa kutokea ni mmoja tu: usimame mbele ya wote, ukiri kosa, uombe radhi, utoe beberu aliwe na wote. Huwezi kukiri kwa kunong'ona wala kukiri nusu.

Jioni Ngassa alifika kwenye ua wa minyaa wa mzee Mayala, akasimama nje.

"Mzee, hatuna ugomvi na wewe. Mtoe binti hapa kwako, kaya yako itabaki salama."

Mayala alikuwa ameketi kwenye kigoda akikwangua mpini wa jembe. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba siku hizo. "Nilirudisha ng'ombe za watu ili huyu akae hapa," alisema. "Sasa nimpeleke wapi, Ngassa? Nimfungie zizini?"

"Basi akiri."

"Akiri nini? Kwamba ameajiriwa na muvi ya kwenye simu?"

Ngassa akaondoka. Mayu Wilhelmina, mama yake Violeth, alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya parokia, mwanamke aliyezoea kusalimiwa na kila mtu. Alimgeukia binti yake akasema, "Una ulimi wa pilipili, na leo umetuchoma wote. Lakini hujawahi kunidanganya. Mimi nakuamini." Kisha akaenda kuwamwagia mbwa maziwa, maana hakukuwa na mtu wa kuyanunua.

Hayo maneno ya mama ndiyo yaliyomweka Violeth kwenye miguu yake miezi ile. Kibanda kilikufa. Paneli ilipigwa mawe, hakuna aliyeona aliyeipiga. Akipita njiani watu waligeuza migongo, hata watoto, ambao walifanya hivyo kama mchezo na walikuwa hodari kuliko wakubwa. Kanisani benchi lao lilibaki na nafasi kubwa pande zote mbili. Kwaya iliendelea bila Wilhelmina, na sauti ya kwanza ikapwaya, kila mtu akasikia inavyopwaya, hakuna aliyesema. Violeth aliwachukia. Aliwachukia mmoja mmoja kwa majina, asubuhi akichota maji baada ya wote kuondoka, mchana akimwagilia viazi vya mama yake. Chuki ilimpa nguvu ya kufanya kazi.

Kukiri hakukumjia akilini hata mara moja. Angekirije kitu ambacho hakipo?

Kisha baba akazidiwa. Miguu ilivimba hadi magotini, pumzi ikawa fupi. Bodaboda walikuwa wamepanga mstari barabarani, wote wakatazama upande mwingine. Kristofa ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari. Aliinama akajifanya anakaza mnyororo. Violeth akapiga simu mjini, akaita gari la mtu asiyewajua, akampeleka baba yake hospitali ya Bariadi. Daktari, mama mmoja mpole, alisema moyo umechoka na dawa za pale haziutoshi, apelekwe Mwanza kwa wataalamu. Lakini kibanda kilikuwa kimekufa, maziwa yanamwagwa, ng'ombe hawauziki kwa sababu hakuna wa kuwanunua wala wa kuwaswaga hadi mnadani. Mwanza ilikuwa mbali kama Ulaya.

Mle wodini, Wilhelmina akiwa ametoka kutafuta maji ya moto, mzee alimshika binti yake mkono.

"Tutakwenda lini Mwanza?"

"Natafuta njia, baba."

"Mama yako nimemwambia sina haja, asihangaike. Lakini wewe nakwambia kweli. Nataka kwenda. Sijachoka kuishi mimi."

Violeth hakupata njia. Aliwapigia jamaa wa Mwanhuzi, akampigia fundi mwenzake, hata yule mumewe wa zamani alimpigia. Wote walisema watatazama. Hospitali ikawarudisha nyumbani na vidonge.

Mzee alifariki asubuhi, Wilhelmina akiwa anakamua. Violeth alimsikia akiacha kupumua kama mtu aliyekatiza sentensi. Mama aliingia na ndoo, akaona, ndoo ikaanguka, akatoka uani akapiga yowe la msiba.

Yowe lile, siku nyingine yoyote, lingejaza ua kabla vumbi la kupigapiga miguu halijatulia. Wanawake wangekuja mbio wakijifunga khanga njiani, wanaume na majembe begani. Siku ile Wilhelmina alilia peke yake. Juu ya ua wa minyaa Violeth aliweza kuwaona majirani wamesimama kwenye nyua zao, kila mtu kwake, wameshika walichokuwa wameshika. Mama mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Alikuwa analia kabisa, lakini hakusogea.

Jua likapanda. Violeth alichukua jembe, akachagua mahali kando ya zizi, akapiga. Ardhi ya mbuga wakati wa kiangazi haichimbiki kwa hasira. Jembe liliruka na kuacha alama nyeupe. Akapiga tena na tena, mpaka mama akaja akamshika mpini.

"Usinifanyie aibu hii. Mtoto hachimbi kaburi la baba yake. Baba yako amechimba makaburi ya kijiji hiki tangu ujana wake, halafu yeye afukiwe na binti kama mbwa?"

"Basi nifanyeje, mama? Hawaji!"

Wilhelmina alikuwa anatazama nje ya ua, ambako mwalimu wa katekesi, Januarius, alikuwa amefika na kusimama hatua chache kabla ya lango. Alikuwa na kofia yake mkononi.

"Poleni," alisema, na hata neno lile alilisema kwa kuangalia huku na huku. "Mayu Violeth, majembe yako tayari. Watu wote wako pale kwa Ngassa, wanangoja. Wanataka neno lako tu."

"Wewe mwalimu, unayefundisha watoto Amri za Mungu, unaamini kwamba mimi ni mpelelezi wa kwenye muvi?"

Januarius aliigeuza kofia. "Mimi ni mtu wa Mungu. Siamini mambo hayo. Lakini wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Kisha, kwa haraka, "Jua kali, mayu. Mzee hawezi kungoja."

Hicho ndicho kilichomshinda. Si Ngassa, si methali. Ni mzee wake mle ndani, joto likipanda, na nzi.

Akaenda. Alifungua beberu zizini akamvuta kwa kamba hadi uwanja wa gulio, na watu wakamfuata, wakakaa duara. Ngassa alisimama. Uso wake haukuwa na ushindi. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka.

"Baba yangu alichimba kaburi la baba yako," Violeth alimwambia.

"Najua. Nilikuwepo. Ndiyo maana nakusihi, mayu, sema tu."

Violeth aliwatazama. Aliwajua wote. Alijua nani simu yake ina kioo kilichopasuka na nani anapigiwa na mwanamke wa Itilima, na hakuwahi kumwambia mtu. Alitamani ardhi ile ngumu ipasuke na kuwameza pamoja na beberu.

"Mimi ni mtu wa Idara," alisema.

Duara zima likavuta pumzi. Hata wale waliokuwa wamesema Idara haipo walitikisa vichwa kama watu waliojua siku zote.

"Tangu lini?" Kristofa alishindwa kujizuia.

"Tangu Mwanhuzi."

"Eeh! Kwa hiyo ile ndoa…"

"Ndoa ilikuwa kazi." Maneno yalimtoka baridi, moja baada ya jingine, kwa chuki safi, na yote yaliingia mahali pake kama betri kwenye simu. Hakujua kuwa uongo unaweza kuwa mwepesi kiasi hicho ukishaandaliwa na wanaousikiliza.

"Na ng'ombe zangu?" akauliza Ngassa.

Alikuwa anamtazama kwa macho ya kuomba. Violeth akaelewa alichokuwa anaomba. Kama Idara ndiyo iliyomchongea, basi si yeye aliyewatuma vijana porini, si yeye mjinga mbele ya wake zake na wanawe.

"Ni mimi. Nisameheni."

"Tumekusamehe," Ngassa alisema. Kisha akageuka akanguruma, "Haya, wanaume! Mnangoja nini? Mzee anangoja na jua hili!"

Walikuja wote. Walichimba kwa zamu, wakiimba wimbo wa kulimia ili majembe yaende pamoja, na ardhi ile iliyomkatalia Violeth ikawakubali wao. Walichimba vizuri, kuta zimenyooka, kaburi la mtu wa heshima. Wanawake wakaleta maji, unga na kuni, wakamzunguka Wilhelmina, wakalia kilio chote walichokuwa wamekibana tangu asubuhi. Kwaya iliimba. Mama mmoja alimkumbatia Violeth kwa nguvu akasema, "Pole sana, mwanangu," na Violeth alisimama wima mikononi mwake akihesabu ni mara ngapi mwanamke yule alihamisha ndoo yake kisimani. Kristofa alimpitia karibu, akakakamaa kidogo, akasema chini chini, "Afande."

Wakamzika Mayala kwa heshima zote, wakala beberu.

Asubuhi ya pili, watu wakiwa wametawanyika kwenda kuangalia mifugo yao, Violeth alimpelekea mama yake uji. Wilhelmina alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani. Tangu mazishi alikuwa hajala wala hajamtazama binti yake. Bakuli likabaki mkononi mwa Violeth.

"Mimi nilikutetea," mama alisema. "Kisimani, kanisani, kila mahali. Nilisema mwanangu hajui mambo hayo."

"Mama, nilisema vile ili wachimbe. Unajua nilisema vile ili wachimbe."

"Ndivyo mnavyofundishwa kujibu?"

Violeth alikaa chini, taratibu, kwenye ukingo wa mkeka. "Idara haipo, mama."

Mama alimtazama. Yalikuwa macho yaleyale ya benchi la kibandani, macho ya mtu anayelitazama neno "haipo" na kuona nyuma yake. Lakini haya yalikuwa yamevimba kwa kulia, na nyuma ya kushuku kulikuwa na kitu kibaya zaidi.

"Wanasema mna ndege," Wilhelmina alisema. "Wanasema mtu wenu akiugua mnampeleka hadi ng'ambo. Mimi sijali unamfanyia nani kazi, Violeth. Nataka kuuliza kitu kimoja. Kama mna nguvu hizo, mbona mlimwacha baba yako afe kwa kukosa gari la kwenda Mwanza?"

Nje kuku walikuwa wanaparua kwenye udongo mpya. Violeth alifungua kinywa, na jibu la kweli lilikuwepo pale pale, fupi, lakini alijua halitapokelewa, si leo wala kesho. Na kama halitapokelewa, basi mama yake ataishi siku zote zilizobaki na mtoto aliyeweza kumwokoa baba yake akakataa.

"Tulimwambia, mama," alisema. "Gari lilikuwa tayari. Alikataa mwenyewe. Alisema hataki kwenda kufia ugenini, hataki kukuacha peke yako."

Mabega ya Wilhelmina yakashuka, akatikisa kichwa polepole.

"Alikuwa mkaidi, baba yako," alisema, akanyoosha mkono akapokea uji.